Mgongoni kwa Mkwe

Mjini Mbinga watu walikuwa na maneno yao kuhusu Wakili Urbani Kinunda. Walisema hana moyo, maana mwenye moyo angewezaje kumtetea muuaji mchana, halafu jioni akaonekana sokoni anakula mishikaki kwa raha zake? Waliosema hayo hawakumjua. Urbani alikuwa mwoga tangu utotoni. Aliogopa radi, aliogopa madaraja ya miti, na alimwogopa mama mkwe wake kama anavyopaswa mwanamume yeyote wa Umatengo aliyelelewa vizuri. Pamoja na digrii yake, akimwona mama yule sokoni alizunguka nyuma ya vibanda vya mitumba mpaka apite. Kitu kimoja tu hakukiogopa, nacho ni mteja mwenye hatia.

Mteja mwenye hatia ni mzigo mwepesi. Unawabana mashahidi wa polisi, unasoma vifungu vyako, mengine unamwachia Jaji. Akiachiwa, umeshinda. Akifungwa, haki imetendeka, na wewe unalala. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya Urbani miaka ile ya ruksa, wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupanda milima na magari yao na kila mwenye chumba akafungua duka. Yeye naye alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la pembejeo akatundika kibao. Wenye uwezo walikwenda Songea kwa mawakili wakubwa. Urbani alipata kesi za mauaji za kupangiwa na serikali, za watu wasio na mbele wala nyuma, na hakupenda kuwachimba sana. Asilolijua halikumnyima usingizi.

Hivyo ndivyo alivyompokea Benjamin.

Benjamin alikuwa mkulima na mvuvi wa Liuli, mwambao wa ziwa, mtu mrefu mwenye sauti ndogo. Alishtakiwa kwa kumuua mfanyabiashara mgeni aliyekuwa akinunua mahindi kule ufukweni kwa mizani ambayo kila mtu alijua imechezewa. Sokoni, mbele ya umati, Benjamin alimkunja shati akamwambia, "Utakufa wewe, na hapa hatutakuzika!" Usiku uleule mtu huyo akapigwa kichwani na kitu kizito, akakutwa alfajiri amelala kando ya mitumbwi. Waliosikia yale maneno walikuwa wengi kama usipa, dagaa wa ziwani. Aliyemwona Benjamin mahali pengine usiku ule hakupatikana hata mmoja.

"Ulikuwa wapi?" Urbani alimwuliza gerezani.

"Nilikuwa mahali."

"Mahali gani?"

"Mahali tu, mheshimiwa. Lakini sikuua."

Urbani akafunga jalada. Moyoni alishamhukumu, na akajisikia amepumzika.

Mahakama Kuu ilipokaribia kuja Mbinga kwa kikao chake, akashuka Liuli kwa lori kutafuta wa kuja kusema kwamba mshtakiwa ana tabia njema. Ni ushahidi dhaifu, lakini ni afadhali kuliko kusimama mikono mitupu. Edina, mke wa Benjamin, alimpokea kwa heshima zote akamwambia, "Twende kwa mama, baba wakili. Mama yangu anaheshimika kanisani, neno lake litasikilizwa." Wakapanda mlima. Urbani, mtu wa kukaa kitini, alifika juu anahema kama mvukuto.

Mama Luisa, mama mzazi wa Edina, aliwapokea akiwa ameegemea fimbo. Mguu wake mmoja ulikuwa umesinyaa na kovu lake lilikuwa jeusi.

"Shikamoo mama. Pole, mguu umepatwa na nini?"

"Nyoka," Edina akamjibia. "Tena ni usiku uleule aliokufa yule mfanyabiashara. Mungu mkubwa, baba. Alikuwa peke yake hapa, akajikokota mwenyewe mpaka hospitali ya misheni."

Urbani akageuka kuutazama mlima aliotoka kuupanda. Mawe, makorongo, vichaka, na hospitali iko kule chini ufukweni. Mapafu yake mwenyewe yalikuwa bado yanawaka. Akauliza bila kufikiri, "Mama, ulishukaje?"

Mama Luisa alivuta kanga akajifunika kichwa mpaka machoni, akainama. Hapo Urbani akaanza kuelewa. Mwanamke wa pande hizi hajifuniki namna ile kwa ajili ya wakili, wala kwa ajili ya padri. Hujifunika hivyo kwa ajili ya mtu mmoja tu, mkwe wake.

Akamwomba Edina maji ya kunywa. Edina alipoingia jikoni, akauliza kwa sauti ya chini, "Alikuwa Benjamin?"

Machozi yalimtoka mama yule bila sauti. Akaeleza kwa kudokezadokeza, uso ukiwa bado ndani ya kanga. Kijiji kizima kilikuwa kimekwenda matangani ng'ambo ya bonde, Edina pamoja nao. Benjamin alikuja na usipa wa kumwekea pale uani, kama ilivyo desturi ya mkwe, aweke aondoke bila kuonana. Akasikia mayowe. Akaita majirani mpaka sauti ikamkauka, asiitikiwe. Ndipo akaingia, akampa mgongo, akachuchumaa, akasema, "Panda, mama." Njia nzima hawakusemezana. Alimtua karibu na lango la hospitali akakimbia kabla watu hawajatokea. Tangu siku hiyo hakuna aliyemwambia mtu, na yeye Mama Luisa aliapa kuzikwa nalo.

Kwa mgeni hii ni hadithi ya mtu mwema, basi. Lakini hapa mkwe huiacha njia akapita majanini mama mkwe wake akija. Hali naye chakula. Hamtaji jina, wala mama hamtaji yeye. Sasa huyu alimbeba mgongoni, kifua cha mama kwenye mgongo wake, mikono ya mama shingoni kwake, mlima mzima! Urbani mwenyewe, aliyesoma mpaka Dar es Salaam, alihisi uso unamchoma kwa kusikia tu.

Walipokuwa wakishuka ndipo hofu ilipomkamata. Alikaa juu ya jiwe, Edina akadhani amechoka. Mungu wangu, mtu huyu hana hatia! Alikuwa ameshamfungia jalada, alikuwa ameshamnyonga kimoyomoyo, na mtu hana hatia. Akinyongwa sasa haitakuwa haki iliyotendeka. Atakuwa amenyongwa na uzembe wa Urbani Kinunda. Usiku ule hakula, na siku zilizofuata aliipita mishikaki ya sokoni bila kuigeukia.

Alikwenda gerezani akamwambia Benjamin kwamba anajua. Benjamin akasimama ghafla, akatazama mlango kama anayetaka kukimbia.

"Usimlete."

"Ndiye shahidi wako pekee."

"Ukimleta mama yule akasimama pale kutangaza habari hiyo, mimi nitasema nimeua. Naapa. Nitamwambia Jaji mwenyewe."

"Watakunyonga, Benjamin!"

"Anayenyongwa hufa mara moja," Benjamin akasema.

Kikao kikaanza. Jaji alikuwa mgeni kutoka kaskazini, mpole, mwenye kuandika kila kitu kwa mkono wake bila haraka. Kando yake walikaa wazee wa baraza watatu, watu wa Mbinga na mwambao, walioitwa kutoa maoni yao kuhusu kesi. Mashahidi wa serikali walipita mmoja mmoja wakirudia yale maneno ya sokoni. Urbani aliuliza maswali yake huku shati limemgandia mgongoni kwa jasho. Kila alipogeuka alimwona Benjamin kizimbani anamkazia macho. Ilikuwa mara ya kwanza kwake kuogopa macho ya mtu anayemtetea.

Jaji akainua kichwa. "Utetezi una shahidi?"

Nje ya dirisha, kwenye kivuli cha ukuta, Mama Luisa alikuwa amekaa na binti yake. Hakuna aliyemwita. Alikuja mwenyewe juu ya magunia ya lori, na mguu wake ule. Urbani angeweza kusema hapana. Mteja wake amekataza, na sheria inamtaka wakili amsikilize mteja. Angeweza pia kusema ndiyo, akamsikia mtu asiye na hatia akijitia kitanzi mwenyewe. Alitamani Jaji aahirishe kesi, alitamani mvua inyeshe juu ya bati pasisikike kitu.

"Tunaye mmoja, Mheshimiwa Jaji," akasikia sauti yake ikisema.

Mama Luisa alipoingia, Benjamin aligeuka akaelekeza uso ukutani. Kisha, akiwa bado amegeuka, akaanza kusema, "Mheshimiwa Jaji, mimi nataka..."

"Mshtakiwa, una wakili," Jaji akamkata. "Kaa kimya."

Kwa miaka yote Urbani aliipenda sentensi hiyo. Siku hiyo ilimtisha. Tumempa mtu wakili, tukamnyang'anya mdomo wake, na wakili mwenyewe ndiye huyu anayetetemeka.

Mama Luisa akaapa. Alisema kwa Kimpoto, lugha ya mwambao, karani akatafsiri. Alisema aliumwa na nyoka, alikuwa peke yake, akapiga kelele. Urbani akauliza nani alikuja. Mama akavuta kanga usoni. Urbani akauliza tena. Hapo ndipo Benjamin alipopiga kelele kuelekea ukutani, "Nimeua mimi! Andika, Jaji! Nimeua mimi!"

Chumba kizima kikashtuka. Askari wakamshika mabega. Jaji akainua kalamu, na Urbani aliitazama kalamu ile jinsi mtu anavyomtazama nyoka aliyeinua kichwa. Ikigusa karatasi, basi tena.

Mama Luisa akaishusha kanga kutoka kichwani. Akainua kichwa, akamtazama mkwe wake waziwazi, mbele ya watu wote, akasema kwa Kiswahili, asimsubiri karani:

"Benjamin! Nyamaza. Wewe ulikuwa umenibeba mimi."

Karani, mtoto wa pande hizi, alitazama chini. Wazee wa baraza wote watatu walikuwa wameinamisha vichwa, wasijue waweke wapi macho yao. Jaji peke yake ndiye aliyebaki akiwatazama watu mmoja baada ya mwingine, asielewe msiba gani umeingia.

Wakili wa serikali akasimama. "Mama, hospitali ulisema ulikuja mwenyewe. Sasa tukuamini lipi?"

"Kule nilidanganya. Wewe ungesema nini?"

"Na leo unamwonea huruma mkwe wako."

Mama aligonga sakafu kwa fimbo, akaanza kuondoka kabla hajaruhusiwa.

Zamu ya wazee kutoa maoni ilipofika, mkubwa wao alisimama kwa shida. "Mheshimiwa Jaji," alisema, "mwanamke wa kwetu anaweza kudanganya kwamba mkwe wake hakuua. Anaweza kudanganya kwamba alimwona kanisani, au shambani. Lakini kwamba mkwe alimbeba mgongoni? Hilo hawezi kulitunga. Hata angekuwa mwanawe wa kumzaa anayepelekwa kunyongwa, asingelitunga. Na huyu kijana aliposema ameua, alikuwa anamkinga mama asilitamke. Mimi nasema hakuua." Wenzake wakaitikia. Jaji aliwasikiliza, akauliza maswali mengi kuhusu desturi hiyo, akaandika kwa muda mrefu sana. Siku ya hukumu akamwachia Benjamin huru.

Nje, lori la kushuka mwambao lilikuwa linangoja abiria. Mama Luisa alipandishwa juu, akajifunika kanga, akageuzia uso milimani. Edina alisimama chini, mkono mmoja kwenye ubao wa lori, akimtazama mama, akimtazama mume, asijue aende wapi. Benjamin hakulikaribia lori. Alimjia Urbani, akampa mkono kwa adabu.

"Asante, mheshimiwa. Shingo yangu umeiokoa," alisema. "Sasa uso niupeleke wapi?"

Akageuka, akaondoka kwa miguu, peke yake.

Urbani alibaki na joho lake mkononi. Watu walimpongeza, mmoja akampiga begani, lakini yeye alikuwa anatazama mgongo ule mrefu unavyoishia barabarani, kuelekea kwenye miti. Kulikuwa na miti mingi sana upande ule, na mtu akitaka kujinyonga hahitaji zaidi ya mmoja. Hofu yote ya zile siku ilimpanda upya, kubwa kuliko mwanzo, maana sasa hakukuwa na Jaji wa kumwomba wala kifungu cha kusoma. Akaanza kutembea, kisha akakimbia, na viatu vyake vya mahakamani vikajaa vumbi.

Benjamin alisimama aliposikia kishindo. "Unanifuata nini tena, mheshimiwa? Kesi imekwisha."

Urbani alihema kwanza. Hakuwahi kumwambia mteja yeyote neno hilo.

"Naogopa, Benjamin."

Benjamin akamtazama, kuanzia viatu mpaka usoni.

"Basi nisindikize," akasema.