Mpokeaji wa Nne

Habari hii sijawahi kuisimulia kwa hiari yangu. Mara ya kwanza niliisema mbele ya maofisa wawili wa usalama, na mara ya pili mke wangu alinilazimisha. Leo nitawaambia ninyi rafiki zangu, lakini mtu asinikatize, maana nikisimama katikati kwa aibu sitaweza kuendelea.

Ilikuwa mwaka ule miji ya mashariki ilipokuwa ikianguka mmoja baada ya mwingine, na sisi hapa Lubumbashi, ingawa hatukusikia risasi hata moja, tulikuwa tukiishi kwa masikio: mara mpaka umefungwa, mara umefunguliwa, mabenki ya katikati ya mji yanafungua mlango nusu, bei ya unga asubuhi si ile ya jioni, na kituo cha televisheni tulichokuwa tukikitazama mtaani kwetu Annexe kikazima bila kuaga. Watu wakaanza kuongea habari za wapelelezi. Na mpelelezi alikuwa nani? Alikuwa yeyote mwenye lafudhi ya Kivu, kule mashariki. (Mimi ni mtoto wa Wakasai, na baba yangu aliwahi kupandishwa treni na kufukuzwa katika mji huuhuu kwa sababu ya jina lake tu, kwa hiyo mngedhani nilikuwa nimejifunza. Subirini.)

Mimi ni fundi wa mitandao katika kampuni inayouza unga, sukari na mafuta kwa jumla. Patron wetu, mwenye kampuni, Papa Mwansa, ni mtu wa Sakania, na kwa jinsi alivyoogopa uporaji aliniambia anataka kuiona depo yetu, ghala letu kubwa la Annexe, muda wote, akiwa ofisini mjini, akiwa nyumbani kwake, na hata gerezani akiwekwa. Na meneja wetu wa Sakania, kule mpakani, naye aione, ili ajue lini apakie malori. Nikafunga kamera. Shida ikawa laini ya mtandao: ilikuwa nyembamba, ukituma picha ileile mara tatu kwa watu watatu inakwama. Ndipo nikatumia ule utaratibu ambao sisi mafundi tunauita multicast: kamera inatuma picha mara moja tu, na ruta, vile visanduku vinavyoelekeza njia, ndivyo vinavyoigawa pale njia zinapoachana, na anayepewa ni yule tu aliyeomba kuingia kwenye kundi. Ni kama lori moja la unga linaloshushia kila duka njiani badala ya kutuma malori matatu. Na kwa kuwa picha ilipita ndani ya VPN, mtandao wetu wa siri wenye milango na funguo, mtu wa nje hakuweza kuona kitu.

Sasa sikieni uvivu wangu. Kabla ya kumfungia patron nyumbani kwake nilitaka kujaribu kwangu kwanza, nikachukua kisanduku kidogo cha kupokelea picha, nikakiunganisha nyuma ya televisheni ya sebuleni. Kisanduku kilihitaji jina na neno la siri la kuingilia VPN. Kutengeneza jina jipya kulitaka fomu, na fomu ilitaka sahihi ya patron, na patron alikuwa Sakania. Basi nikatumia jina la Muhindo, mtunza stoki wa depo, mtu wa Kivu, ambaye neno lake la siri nililijua kwa sababu niliwahi kumtengenezea mashini yake, ile kompyuta ya deponi. Nikajaribu: kioo cheusi. Njia za VPN yetu zilikuwa zikibeba ujumbe wa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja tu, ujumbe wa kundi ulikuwa ukitupwa mlangoni. Nikakasirika, nikazima televisheni, nikaenda kula. Kisanduku nikakiacha palepale.

Wiki mbili baadaye nilipata dawa, nikaufunga ule ujumbe wa kundi ndani ya bahasha ya kawaida ili upite mlangoni. Patron akaona depo yake akiwa amekaa kwenye kochi lake, akanipongeza mbele ya watu. Kisanduku changu nilikuwa nimeshakisahau. (Naona mnaanza kucheka. Mimi sikuwa na akili zenu.)

Mwezi ukapita. Siku moja natazama orodha ya walioomba picha, nategemea watatu, naona wanne: ofisi, Sakania, nyumba ya patron, na wa nne jina lake Muhindo. Nikachungulia kwenye picha yenyewe: Muhindo alikuwa amesimama mbele ya kamera na kofia yake nyekundu, anahesabu magunia, mkononi kalamu tu.

Kama Muhindo yuko pale, nani anatutazama kwa jina lake?

Tangu hapo sikumwona tena Muhindo kama mtu, nilimwona kama kesi. Akitoka nje kupiga simu, mimi naandika saa. Akiongea Kinande kwa sauti ya chini, mimi nahesabu dakika (Kinande chenyewe sikijui hata salamu). Alianza kula peke yake, nikasema anaficha kitu, kumbe watu walikuwa wameacha kukaa naye. Na yule mpokeaji wa nne nikamfungulia daftari: anaingia asubuhi kwenye saa mbili, anatoka wakati wowote ghafla, jioni hayupo kabisa. Nikajiambia hawa ni watu wa kazi, wana ratiba. Na kila siku nyumbani nilikuwa narudi giza limeingia na umeme umekatwa, nakula kwa taa ya simu, mama mkwe wangu anajaribu kuniambia habari za kipindi fulani anachokipenda, nami nampa «ndiyo mama, ndiyo mama», maana kichwani nina mpelelezi.

Ningeweza kumkatia mpokeaji yule kwa dakika moja. Ningeweza hata kumuuliza Muhindo. Lakini nilitaka kuwa mtu aliyegundua. Nikaenda kwa Papa Mwansa, nikafunga mlango.

«Patron, kuko muntu anatuangalia.»

«Nani?»

«Jina njo ya Muhindo.»

«Muhindo wetu? Ule ameikala na sie miaka saba?»

«Njo imeandikwa pale, patron. Mashini haidanganyake.»

Nilijivunia sana sentensi hiyo. Patron alijishika kichwa, akasema yeye hapendi mambo ya kuita watu wa serikali, lakini siku hizi ukinyamaza nawe unaandikwa. Akachukua simu.

Kesho yake kabla ya saa sita mchana tulikuwa deponi wote: patron, mimi na kompyuta yangu mkononi, wapakiaji, wale kina mama wanaofagia unga unaomwagika, na maofisa wawili, mmoja amevaa miwani myeusi ndani ya depo yenye giza. Walimwita Muhindo katikati, chini ya kamera kabisa. Wakamnyang'anya simu. Wakamuuliza amempa nani ufunguo wake wa VPN.

«Ufunguo gani?» akasema Muhindo.

Mwenye miwani akampiga kofi, kofia nyekundu ikaanguka. Wakamfunga mikono kwa kamba yetu ya kufungia magunia. Muhindo hakupiga kelele. Alinitazama mimi, akasema, «Tshibangu, weye unajua mashini. Baambie.»

Nami nikatazama kompyuta.

Simu yangu ikaanza kulia mfukoni. Nikaizima. Ikalia tena. Nikaizima. Ikalia mara ya tatu, na siku kama ile simu inayolia hivyo haimpendezi mtu yeyote, mwenye miwani akanigeukia.

«Nani ule?»

«Ni… ni mama mukwe yangu, chef.»

«Jibu. Weka na sauti, tusikie wote.»

Nikaweka. Sauti ya mama mkwe wangu ikajaa depo nzima, akiniita kwa jina la mwanangu:

«Baba Mado! Juu ya nini banamufunga Papa Kofia? Ule muntu muzuri vile! Na kofia yake iko chini, muiokote, batamukanyangia! Na weye unasimama tu pale nyuma ya ule wa lunettes, unakumbatia ordinateur kama mutoto, baambie bamuache!»

Mwenye miwani aliinua uso taratibu, akaitazama kamera, kisha simu, kisha mimi.

«Mama,» akasema kwa upole wa kutisha, «uko wapi?»

«Niko ku nyumba, naangalia télé.»

«Télé gani?»

«Ile inaonyeshaka depo! Na weye njo nani? Toa lunettes, uko mu nyumba!»

Mmoja wa kina mama wa ufagio alicheka, akaziba mdomo. Katika nusu dakika wapakiaji waliokuwa wamesimama karibu yangu walisogea, kila mmoja hatua moja, nikabaki kwenye duara tupu. Nilikuwa nalijua duara lile: ndilo nililomchorea Muhindo kwa mwezi mzima.

«Kumbe ni weye,» akasema patron. Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma.

Wakatupakia wote wawili kwenye jeep, mimi na Muhindo bega kwa bega, yeye kamba, mimi pingu (pingu ilikuwa moja tu, nikapewa mimi kwa heshima). Nyumba yangu si mbali na depo, patron akatufuata na kompyuta yangu. Mtaa mzima ulitoka kutazama. Mke wangu alikuwa sokoni, nashukuru.

Sebuleni walikuwa watu kumi na mmoja. Nawaapia, kumi na mmoja. Majirani wamekaa mikekani, karanga katikati, mama mkwe kwenye kiti akichambua majani ya sombe, na mbele yao televisheni yangu inaonyesha depo, na kina mama wa ufagio wamesimama wanaitazama kamera kama wanaosubiri kuitwa. Hakuna aliyeinuka. Jirani mmoja alituona mlangoni, akatazama kioo, akatutazama tena, akasema, «Bamefika mbio!»

Mama mkwe akaeleza bila woga wowote. Kituo chao kilipozima alikuwa akibonyeza rimoti kila asubuhi akitafuta hata misa, siku moja depo ikatokea. Akadhani ni kituo kipya. Hakukuwa na sauti, kwa hiyo waliwapa watu majina wenyewe: Papa Kofia, Mama Ufagio, Kijana wa Mabega. Aliponiona nikipita na ngazi akajua ni kazini kwangu, akajaribu kunieleza, nami nikamjibu «ndiyo mama».

Ofisa akaniamuru nieleze kisanduku kimefikaje pale na kwa nini kina jina la Muhindo. Nikaeleza. Nilipofika kwenye fomu ambayo sikutaka kuijaza, patron alifumba macho. Na hapohapo, kama ilivyo kawaida ya mtaa wetu, umeme ukakatwa, televisheni ikazima, majirani wakaguna, na kwenye kompyuta yangu ambayo patron alikuwa ameishika, mpokeaji wa nne akatoweka kwenye orodha mbele ya macho ya wote.

«Ratiba,» akasema mwenye miwani, ambaye alikuwa ameshalisoma daftari langu.

Ningependa mambo yaishie hapo. Lakini mama mkwe alikuwa hajamaliza. Alisimama, akamshika Muhindo mkono uliofungwa, akasema mbele ya serikali na patron:

«Huyu hapana muibaji. Mi nimemuangalia mwezi muzima. Kila siku anageuzaka mifuko yake mbele ya sentinelle ya mulango. Unga ya chini anaachiaka ba mama. Lakini kuko muntu umoja, anafikaka kisha saa sita, anapanda juu ya magunia ya sukari, analala mpaka mate inatoka. Mi sikusema jina, juu ni mukwe.»

Walionicheka walikuwa majirani wote, na ofisa mmoja. Patron hakucheka. Muhindo hakucheka.

Muhindo alifunguliwa palepale, mimi nikafunguliwa jioni, baada ya maelezo ya kurasa nne na kisanduku kuchukuliwa. Patron hakunifukuza, alisema fundi mwingine atampata wapi wakati ule, lakini alinikata mshahara na mpaka leo hanipongezi mbele ya watu. Yote hayo nayastahili. Kinachonirudia ni simu ya Muhindo. Waliishika siku tatu «kwa uchunguzi», na siku hizo tatu mkewe alikuwa njiani na watoto, wakikimbia kutoka kijijini kwao upande wa Butembo, anapiga kila anapopata mtandao, simu ya mume imezima. Alikuwa ameshawaambia watoto wanyamaze wasimuulize tena juu ya baba. Walifika salama kwa ndugu, Mungu alisaidia, lakini siku tatu zile siwezi kumrudishia mtu.

Nilimwendea deponi na maneno niliyoyapanga usiku kucha. Nikamwambia hata kuhusu baba yangu na treni, nikafikiri labda hilo litasaidia. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta kalamu yake kwenye suruali.

«Baba yako,» akasema, «njo alikufundisha hivi?»

Nikamwambia basi angalau tubadilishe neno lake la siri, niondoe lile ninalolijua. Akakubali. Tangu siku hiyo sijaazima jina la mtu hata kwa dakika tano za majaribio, fomu nazijaza, hata patron akiwa Sakania nasubiri, na nikiona jina kwenye orodha namwendea mwenye jina kwanza, namuuliza uso kwa uso. Hayo ndiyo mafunzo yangu, nawapa bure.

Muhindo akakaa mbele ya mashini, akaweka vidole juu ya vitufe, halafu akasubiri.

«Geuka,» akaniambia.

Nikageuka, nikatazama ukuta. Huu ni mwaka wa pili sasa. Tunasalimiana, tunafanya kazi, mara nyingine hata tunacheka, na akitaka kuingia kwenye mashini nikiwa pale hasemi tena neno. Anasubiri tu, nami nageuka.