Siku Kisanduku cha Mama Kiliponyamaza

Mimi ni mwoga wa kuzaliwa, na woga huo ndio ulionifundisha kulehemu. Mama anaishi peke yake shambani, ng'ambo ya mbuga kutoka hapa Sepuka ninapofundisha fizikia, mahali ambapo simu haishiki mtandao hata ukipanda juu ya kichuguu. Msimu wa mvua uliopita presha ilimwangusha kwenye mtama, akalala pale mpaka wachunga mbuzi wakamkuta. Kuhamia kwangu hataki. Anasema nyumba yangu ina joto na maneno mengi.

Basi niliagiza vipande viwili vya redio ya masafa marefu, vidogo kama kiberiti, niviunganishe na zile bodi ndogo za kujifunzia programu. Kimoja nilikiua mwenyewe. Redio inataka volti tatu na kidogo. Mimi nikachomeka waya kwenye pini ya jirani, yenye volti tano. Harufu ikapanda, basi. Nikaagiza kingine, na safari hii kila waya niliukagua mara mbili. Antena kwanza, umeme baadaye. Nilijua ninachokiunganisha pale si redio tu.

Kikawa kisanduku cha plastiki cha kufunga kiunoni. Mama akitembea kinatikisika, kinatuma ujumbe hewani bila mtandao wa simu, kipande cha pili mezani kwangu kinaupokea, na taa ya kijani inawaka. Asiposogea, kimya.

Mwanzoni ilikwenda vizuri. Nilisahihisha madaftari huku nikiitazama taa na kukisia: sasa yuko jikoni, sasa anafukuza kuku. Halafu Jumamosi moja asubuhi taa haikuwaka. Nikasubiri mpaka chai ikapoa. Nikachomoa, nikachomeka upya. Kimya kile kilikuwa na maana mbili tu: waya umeachia, au mama yuko chini. Nikamwomba Mungu iwe waya. Mwalimu mzima, naomba kazi yangu iwe mbovu.

Nikawasha pikipiki. Njia nzima katikati ya alizeti nilimwona amelala: mlangoni, kisimani, jikoni moto ukiisogelea khanga yake. Nikajikuta naanza kupanga nani nimpigie simu kwanza kumpa habari ya msiba, nikajichukia.

Nilimkuta uani, fimbo mkononi, anapiga alizeti, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikazima pikipiki, nikamtazama kiunoni.

"Hata shikamoo hakuna?" akaniuliza.

"Shikamoo, mama. Kisanduku kiko wapi?"

"Marahaba. Nimekitunza. Kitu cha bei vile nikivae nikipiga alizeti? Si kingejaa vumbi?"

Kwetu kitu kizuri hakivaliwi kazini. Blanketi jipya hulala sandukuni mpaka panya walizoee. Nilikuwa nalijua hilo tangu utoto, lakini hasira ilishanipanda. Nikamwambia kazi ya kisanduku ni kuvaliwa, na kwamba njia nzima nilijua nakuja kukuta maiti. Hilo la mwisho lilinitoka bila kupenda.

Akaegemeza fimbo ukutani. Akaingia ndani, nikamfuata. Akafungua sanduku lake la bati, akatoa furushi jeupe na kulikunjua taratibu juu ya kitanda. Kisanduku kilikuwa katikati. Nilidhani amekifunga kwa shuka. Lakini kitambaa kilikuwa kipya, hakijashonwa popote, na kwenye mikunjo yake kulikuwa na pamba na kichupa cha marashi. Ilikuwa sanda.

"Niliinunua baada ya kuanguka," alisema, akijifunga kisanduku kiunoni. "Sina kitambaa kingine kisafi kama hiki." Akaikunja tena, akairudisha, akaniangalia. "Sasa umejua ilipo. Siku nyingine taa isipowaka, usikimbize pikipiki namna hiyo. Utaanguka wewe."

Akarudi kwenye alizeti zake. Mimi nilibaki nimekaa kitandani, nikisikia fimbo yake inapiga.