Punje Moja ya Mchele

Nisikilizeni mimi mwenyewe, maana watu wa Igowole wanakisimulia kisa hiki vibaya. Kikundi chetu cha kusikiliza redio kilikuwa na redio moja tu, niliyokuwa naitunza mimi kwa muda, na mwenyekiti ndiye angekaa nayo nyumbani kwake. Tuligombea wawili: Mama Tumaini, mkunga wetu, na mimi, fundi cherehani niliyehamia kutoka Usangu kunakolimwa mpunga.

Kanuni za kura nilizitunga mimi, na mpaka leo nasema zilikuwa safi. Hakuna kunyoosha mikono, maana watu huoneana haya. Kila mtu aje na punje moja ya nafaka kutoka kwake, aingie chumbani peke yake, aitumbukize katika kibuyu cha anayemtaka. Changu nilikifunga uzi mwekundu. Na mgombea asijipigie kura. Hiyo niliirudia mara mbili, mkono kifuani.

Zamu yangu ikafika. Chumbani hapakuwa na mtu, na kibuyu chenye uzi mwekundu kilikuwa karibu zaidi. Nikajiambia kura ya siri ni siri.

Tukamwaga vibuyu kwenye ungo mbele ya wote. Cha Mama Tumaini kilitoa mahindi tele. Changu kilitoa punje moja, nyembamba, nyeupe. Mchele.

Mama Tumaini akaiokota, akaigeuza kiganjani.

“Fundi,” akasema kwa upole, “sisi wote hapa tunakula ugali. Wali unapikwa kwako tu. Haya baba, lete redio.”