Chinsaga ya Uwanja wa Maonyesho

Wenzangu, leo nusura nimdhuru binti yangu Moraa kwa mkono wangu mwenyewe!

Tuliingia hoteli ya pale maonyesho, Kisii, kando ya bembea. Mnajua mtoto huyu akionja maziwa, koo linavimba.

Nikamuuliza mpishi, "Mama, mboga hii ina maziwa?"

"Hapana, mwanangu. Ni chinsaga tu, yaani mgagani."

Tonge limefika mdomoni mwa Moraa, nikasikia harufu ya maziwa. Nikampokonya.

"Mama, mboga hii ililala kwenye nini usiku?"

"Kwenye maziwa! Kwani wewe si Mkisii? Hayo ni ya kulainisha mboga isiwe chungu, si ya kunywa."

Nikamweleza habari ya koo. Akaacha kucheka, akamchomea Moraa nyama mwenyewe.

Sasa amelala mgongoni kwangu, anakoroma. Jamani, kukoroma ni kutamu!

Nyinyi mngemuulizaje mpishi?