Keki ya Vienna Jikoni kwa Salme

Salme wa Gongoni hapokei ushauri jikoni. Mimi jirani yake nimeshafukuzwa humo mara nyingi kwa kosa la kufunua sufuria. Anaoka kwa makaa, machache chini, mengi juu ya kifuniko, na hakuna harusi ya maana mtaani kwetu isiyokuwa na keki yake. Lakini mwezi uliopita nilimkuta anamsikiliza mtu: mdogo wake, Murtadha.

Murtadha aliishi Vienna tangu ujanani, akifanya kazi kwenye duka la keki. Alikuja kumzika mama yao, akabaki. Salme alifurahi mno, maana nyumba ile kubwa ilikuwa imebaki na yeye na paka wake. Ila Murtadha alishinda barazani kimya, akiletewa chakula anadonoa na kushukuru. Salme akaingiwa na hofu kwamba atamwacha. Akaamua kumpikia keki ya chokoleti ya huko, ile ambayo Murtadha alikuwa akiisifu kwenye simu alipokuwa kule, ili asije akaona Tabora kuna upungufu.

"Ndani yake kuna jamu ya mishmishi, dada," Murtadha alimwambia. "Hapa hutaipata."

"Nani kasema?"

Salme alikuwa na kamardini iliyobaki toka Ramadhani: mishmishi, yale matunda madogo ya manjano, yaliyopondwa na kukaushwa kuwa mashiti. Akailoweka, akaichemsha mpaka ikawa jamu. Akayeyusha chokoleti juu ya maji ya moto, akapiga ute wa mayai mpaka ukasimama, akauchanganya taratibu usije ukalala. Mkono ukaenda wenyewe kwenye kopo la iliki. Kwao, kitu kitamu kisicho na iliki ni aibu. Akasita, akalirudisha. "Ya kule haina," akasema, na nilimwonea huruma.

Keki ilipoiva ikapakwa jamu, ikamwagiwa chokoleti, ikalazwa hadi kesho yake. Tukamkatia Murtadha kipande, pembeni malai, yaani krimu, bila sukari, ya maziwa niliyoletewa kutoka kwetu Puge.

Akaonja. Akaacha kutafuna, macho yakamjaa.

"Ni yenyewe, dada. Ni yenyewe kabisa. Hii ndiyo niliyokuwa nikimwokea Taghreed kila akitimiza mwaka."

Taghreed ni binti yake. Alibaki kule, wakagombana baba alipokawia kurudi, na toka hapo Murtadha alikuwa hamtaji. Sasa akachukua simu palepale, akampigia. Walizungumza Kijerumani, hatukuambulia neno, lakini kicheko tulikielewa. Tangu arudi, Murtadha hakuwahi kucheka hivyo. Salme alisimama mlangoni na kisu mkononi, akasikiliza kicheko hicho hadi mwisho.

"Anataka nirudi," Murtadha akasema, uso umemng'aa.

"Nenda," Salme akamjibu. "Mtoto akiita, mzazi huitika."

Tulipoingia jikoni akakaa kwenye kibao cha mbuzi, akajifuta macho kwa upindo wa kanga.

"Shoga," akaniambia, "wenzangu huwapikia ndugu zao wakae. Mimi wangu nimempikia nauli."