Taa ya Hekalu la Msituni

Jana samli iliniungulia jikoni, na harufu yake ikanirudisha Lozells, mtaa wetu wa utotoni huko Uingereza, sebuleni kwa Nyanya Mhindi, jirani aliyekaa nami mama alipokuwa kwenye zamu hospitalini. Alitoka Kisumu kama sisi, ingawa kule hakuwa amebakiwa na mtu. Kiingereza hakujua. Kila jioni aliwasha utambi wa samli mbele ya miungu yake.

Chumba cha juu alikipangisha kwa mwanafunzi Mwingereza aliyesomea maandishi ya mawe ya kale. Jioni moja ya mvua kijana huyo alishuka na picha ya hekalu dogo la Kambodia, limebomoka, mizizi imelikumbatia. Kwenye jiwe la mlango palichongwa maneno ya Kisanskriti. Alipoyasoma kwa sauti, Nyanya alishtuka, maana mengine yalikuwa ya sala zake mwenyewe.

Kijana akatueleza maana, nami nikatafsiri: mtu fulani alitoa ng'ombe, mchele na samli, ili taa ya mungu isizimike kamwe.

"Sasa nani nawasha?" Nyanya aliniuliza kwa Kiswahili chake cha dukani.

Nikamuuliza kijana. Akatabasamu, akasema hakuna mtu, ni msitu mtupu.

Nikamwambia Nyanya. Akaigeukia miungu yake.

"Na taa yetu kule Kisumu, nani nawasha?"

Kijana aliniangalia, akingoja nimtafsirie. Niliinuka, nikaenda jikoni kumletea Nyanya kopo la samli ya utambi wake.