Mgeni wa Chumba Namba Kumi na Moja

Inspekta aliniita ofisini kwake Jumatatu asubuhi, akanitazama kuanzia kofia hadi viatu, kisha akamwambia bwana aliyeketi kando yake, "Huyu ana sura ya mwalimu. Atafaa."

Bwana huyo alikuwa meneja wa hoteli ya kifahari pale mjini Nyeri. Hoteli yenyewe siku hizi haipo, mahali pake pana maduka ya vifaa vya ujenzi, lakini katikati ya miaka ya sabini ndiko walikolala watalii, mawaziri na matajiri wa kahawa. Meneja alikuwa mgeni pale, hajamaliza mwaka. Alisema wageni wanaibiwa vyumbani. Pete, kamera, kalamu ya dhahabu. Na mwizi anamjua, ni mmoja wa kina mama wanaotengeneza vyumba, ila hajawahi kumshika.

Mimi nilikuwa konstebo wa miaka ishirini na minne, kutoka upande wa Kakamega. Nilikaa katika laini za polisi, zile nyumba za askari, chumba kimoja na msichana mwenzangu, bomba likiwa nje kwa watu wote. Ulikuwa mwezi wa Julai. Kwa wiki mbili hatukuwa tumeuona mlima kwa sababu ya ukungu, na maji ya bomba yalikuwa yanauma vidole.

Mpango ulikuwa rahisi. Nikae hotelini siku nne kama mfanyabiashara wa nguo kutoka Kisumu. Kila siku nikienda kula chakula cha mchana niache saa ya dhahabu mezani chumbani, na ufunguo niuache kaunta ili ijulikane chumba ni kitupu. Habari hiyo tuliijua watu watatu tu. Mke wa Inspekta aliniazima sanduku lake na nguo za kulijaza, na Jumanne mchana nikapanda ngazi za hoteli ile, nyuma yangu mwanamume mzima aliyevaa glavu nyeupe akinibebea sanduku. Nilijizuia nisimnyang'anye.

Siwezi kusema sikufurahi. Chumba kilikuwa na zulia nene lililomeza sauti ya viatu, na jiko la kuni ukutani, moto tayari unawaka. Bafu lilikuwa refu kuliko mimi. Nilifungulia maji, yakatoka ya rangi ya chai, kisha meupe, kisha ya moto kweli, nikajaza hadi karibu na ukingo. Nilipoingia nilikumbuka madebe niliyokuwa nikimbebea mama yangu kutoka mtoni, nikayahesabu, nikaona nimekalia kazi ya asubuhi nzima. Nikaona haya. Lakini sikutoka mpaka ngozi ya vidole ikajikunja.

Ila raha yenyewe ilikuwa na miiba. Kwenye chumba cha kulia nilikaa meza ya peke yangu, na mhudumu akawahudumia kwanza wazungu, kisha mabwana wenye tai, kisha mimi. Sahani ilikuwa kubwa na chakula kimekaa katikati yake kama kimepotea. Nilimaliza mikate yote ya kikapuni, naye akaleta mingine kabla sijaomba. Nikajiuliza: huyu ameambiwa nini kunihusu? Mzee mmoja wa makamo alikuwa akisoma gazeti sebuleni, na kesho yake alikuwa bado na gazeti lile lile. Nikamwandika kwenye daftari langu. Nilipoambiwa niache viatu nje ya mlango vipigwe rangi, nilivilaza chini ya kitanda. Na jioni ile ya kwanza nilipojinyoosha chini ya blanketi, mguu wangu uligusa kitu laini chenye joto, nikaruka hadi katikati ya zulia. Ilikuwa chupa ya mpira ya maji moto. Mtu alikuwa ameingia nikiwa nakula, akaiweka, akatoka. Sikufikiria kwamba amenionea huruma kwa baridi. Nilifikiria jinsi alivyoingia kimyakimya.

Aliyeiweka nilimwona Jumatano saa tatu asubuhi. Alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, mwembamba, sweta ya kijani juu ya gauni la kazi. Ndiye hasa yule ambaye meneja alikuwa ametuelezea. Alisimama mlangoni akitazama kitanda.

"Madam, nani ametandika?"

"Mimi."

"Kwa nini? Hiyo ni kazi yangu mimi."

Akakivuruga, akakitandika upya, kona kwa kona, huku akinitazama pembeni. Mchana niliacha saa mezani, imesimama kwenye saa nne na dakika ishirini kwa sababu haikuwa imetiwa ufunguo kwa miezi. Niliporudi kutoka kula ilikuwa mahali pale pale. Lakini nilipoinama niliisikia. Ilikuwa inatembea, na tena inasema saa sahihi.

Jioni alipoleta taulo nilimuuliza, kama mtu asiye na neno, kama ameigusa.

"Ndio. Niliona imekufa, nikaitia ufunguo. Ati saa ikikaa bila kutembea inaharibika." Alisema hivyo bila kupepesa.

Niliandika kwenye daftari: *Ameshika saa. Anaipima thamani yake.*

Alhamisi asubuhi aliingia, akafunga mlango nyuma yake, nami mkono wangu ukaenda kiunoni ambako kirungu hakikuwepo. Akatoa ndani ya sweta kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Vilikuwa viazi vitamu viwili vya kuchemsha, bado vina joto.

"Kula. Chakula ya hapa haishibishi mtu. Nimeona unamaliza mikate." Alisubiri nikakimega cha kwanza, kisha akashusha sauti. "Mimi niko na umri ya mama yako, sasa niambie tu. Umetoroka bwana?"

Nilikaribia kupaliwa. "Kwa nini unasema hivyo, mama?"

"Nguo imekuzidi kiuno. Sanduku iko na herufi si za jina uliandika kaunta. Mlango ikilia unaruka. Unatandika kitanda wewe mwenyewe kama mtu ameogopa kuacha alama." Akaniwekea mkono begani. "Mimi siulizi tena. Hata mimi nilitoroka mwaka moja. Mtu akija kukuuliza, mimi sijaona mtu."

Nilimshukuru. Vile viazi vilikuwa chakula cha kwanza kilichoshuka vizuri tangu Jumanne, na nilivimaliza vyote viwili. Alipotoka nikachukua daftari na kuandika: *Ameniletea chakula. Anataka kuniingia ili nimwamini.* Hayo ndiyo niliyoandika, na mwandiko ulikuwa mzuri.

Mchana huo niliacha saa mezani, nikapeleka ufunguo kaunta, nikaelekea chumba cha kulia. Mlangoni harufu ya supu ilinijia, ile ile ya jana, nikaona siiwezi. Kilichonijia badala yake ni lile bafu. Kesho ilikuwa siku ya mwisho, na baada ya hapo ni bomba la nje. Nikazunguka kwa mlango wa bustani, nikapanda ngazi za nyuma. Yule mama ndiyo kwanza alikuwa anamaliza chumba changu.

"Hujaenda kula, madam?"

"Tumbo halitaki."

"Basi oga. Saa hii maji ni moto sana, wageni wote wako mezani." Alifunga mlango kwa nje kwa ufunguo wake, akaenda jikoni kula na wenzake.

Nilikuwa ndani ya maji hadi shingoni, mlango wa bafuni nimeuacha wazi kidogo ili mvuke utoke, niliposikia ufunguo ukizunguka. Nilidhani ni yeye amesahau kitu. Nikatulia, hata pumzi nikaibana, kwa sababu moyo wangu ulifurahi kwamba sasa nitamshika. Kwenye ule mwanya zikapita suruali nyeusi na viatu vya ngozi vinavyong'aa. Alikuwa meneja. Alienda moja kwa moja mezani, akaitia saa mfukoni mwa koti, akatoka na kufunga.

Meneja alijua saa ile ni mtego. Ndiye aliyeomba mtego wenyewe. Mtu hawezi kuiba kitu anachojua ni cha polisi, labda awe anataka kionekane mahali pengine. Nikatoka majini, nikavaa gauni juu ya mwili uliolowa, nikafungua mlango kidogo kwa kitasa cha ndani, kisichohitaji ufunguo. Nilimwona mwisho wa korido akitoka stoo ya mashuka, ambako kina mama wa vyumba walikuwa wakitundika vikapu vyao. Alijifuta vumbi mikononi, akashuka.

Saa tisa nikaitwa ofisini kwa meneja. Inspekta alikuwa tayari amefika. Kina mama watano walipangwa ukutani, na meneja akamimina kikapu cha yule mama mezani: kitambaa, miwani iliyovunjika mkono, Biblia ndogo, na saa.

"Nilisema," meneja akamwambia Inspekta. "Sasa mtaniamini."

Mama hakulia wala hakuapa. Aliniangalia mimi, mgeni wake, akisubiri niseme.

"Bwana Inspekta," nikasema, "saa hiyo imetolewa chumbani na meneja mwenyewe, kama saa saba na nusu. Nimemwona. Nimemwona pia akitoka stoo ya mashuka."

Meneja alicheka. "Chumba kilikuwa kitupu. Ufunguo ulikuwa kaunta. Wewe ulikuwa wapi?"

"Bafuni, afande," nikamjibu Inspekta.

"Kufanya nini?"

"Kuoga, afande. Huyu mama ndiye aliyenifungia mlango. Alijua nimo ndani. Mwizi gani angeingia kuiba akijua mwenye chumba yumo?"

Neno "afande" lilikuwa limeshatoka mara mbili. Niliona uso wa yule mama ukibadilika, pole pole, kama mtu anayesoma barua. Inspekta akaninyooshea mkono, akataka daftari. Nilimpa, nikidhani atasoma kimya. Alisoma kwa sauti, mbele ya wote, kuanzia mwanzo. Mzee wa gazeti. Mhudumu wa mikate. *Anaipima thamani yake.* Akafika kwenye viazi, navyo akavisoma kwa sauti ile ile.

Meneja alianza kusema kwamba aliichukua saa kumjaribu mama, kuona kama atairudisha. Kisha akasema alitaka kunisaidia kazi. Kina mama wengine nao wakapata ulimi: kwamba mablanketi ya hoteli yamekuwa yakitoka ndani ya gari la meneja, kwamba yule mwenzao aliyahesabu akamuuliza yamekwenda wapi, na tangu siku ile akawa mwizi. Pete na kamera hazikuonekana, na hadi leo sijui nani alizichukua, au kama zilipotea kweli.

Mambo yalimalizwa chinichini. Wenye hoteli hawakutaka kesi, na Inspekta hakuisukuma. Meneja aliondoka kabla ya mwezi kwisha, nikasikia amepata kazi nyingine mji mwingine, tena yenye mshahara mzuri. Mama akabaki kazini. Mimi nikaonywa kwa kuoga wakati wa kazi.

Lakini jioni ile ile ya Alhamisi nilipokuwa nikifunga sanduku, aliingia kubadilisha mashuka. Nilimwambia, "Mama, nisamehe. Nilitumwa."

Alivuta shuka moja, akalikunja. "Wakati ya hali ya hatari, zamani ya wakoloni, polisi walikuja nyumba yangu mara tatu. Walipiga mlango. Walipiga kelele. Nilijua ni polisi." Akavuta la pili. "Wewe ulikula viazi yangu."

"Nilikula."

"Na ukaandika."

Nilibeba sanduku mwenyewe hadi chini.

Nilimwona mara moja tu baadaye, miezi kama mitano ilipokuwa imepita, sokoni, siku yake ya mapumziko. Alikuwa ametandaza kabeji juu ya gunia. Nilikuwa nimevaa nguo za kawaida, nikafikiria kupita mbali, kisha nikaenda nikamwamkia. Aliitikia. Kisha akatazama nyuma yangu, kulia na kushoto, kuona nimekuja na nani.

"Leo umekuja kama nani?"

"Kama mimi, mama. Natafuta kabeji."

Alinichagulia moja, si kubwa wala si ndogo. Akaniambia hoteli ina meneja mpya, na kila Jumamosi mablanketi yanahesabiwa, yeye akiwa mmoja wa wanaohesabu. Nikafurahi, nikamwambia nimepata uhamisho kwenda Doldol, mbali kaskazini, mwezi ujao, na kwamba kabla sijaondoka ningependa kumtembelea kwake. Nikamuuliza anakaa wapi.

Alikuwa akinirudishia chenji. Aliinua kidevu upande wa Ruring'u, ambako siku hizo tayari kulikuwa na nyumba zisizohesabika.

"Huko," akasema, akamgeukia mteja mwingine.